Treni ya Virar, nishukie Vasai

Sista aliyekuwa akimhudumia mama yangu hospitalini Mumbai alikuwa mwenyeji wa Vasai, mji wa pembezoni upande wa kaskazini, kilomita 50 na ushei kwa reli kutoka stesheni ya Churchgate. Kila siku anaenda na kurudi. Aliposikia sisi ni watu wa Mombasa na kwetu kuna ngome ya Wareno, uso ulimchangamka. "Hata kwetu ipo! Didi (dada), nenda ukaione." Mama, aliyekuwa akingoja majibu ya vipimo, akaniambia nenda mwanangu, kapunge upepo, mimi sitoroki.

Kabla sijaenda, sista alinikalisha akanifunza treni kama mtoto anavyofunzwa kuvuka barabara. Mumbai imekaa kwenye ulimi mrefu wa ardhi. Ofisi nyingi ziko kusini na walala hoi wengi wanaishi kaskazini, kwa hiyo umati huteremka mjini asubuhi na kurudi jioni. Ukienda kinyume nao utapata kiti. Ukienda pamoja nao, mgeni, hata kushuka unapotaka hutaweza. Akaniambia nitafute ubaoni herufi VR, yaani Virar, kituo cha mwisho. Vasai Road iko vituo viwili kabla yake. Tena nijihadhari na behewa lenye mistari ya mshazari ya rangi nyekundu na njano, kwani hilo ni la daraja la kwanza, na ukikutwa humo na tiketi ya daraja la pili utatozwa faini.

Nilipanda saa nne asubuhi, mwezi wa Januari, behewa la wanawake. Nauli yangu ya daraja la pili haikufika hata rupia 50. Baada ya Andheri aliingia muuzaji wa hereni, amezitundika safu kwa safu kwenye ubao, akapita akiuachia ubao mikononi mwa abiria. Kila mmoja alichagua kwa utulivu na hakuna aliyekimbia na pini hata moja. Mama mmoja aliyesimama akaniuliza ninashukia wapi. Nilidhani ananihurumia ugeni wangu. Kumbe ndivyo wanavyopangiana viti: anayejua utashuka wapi ndiye atakayekaa baada yako. Nikamwambia Vasai, akatikisa kichwa, akaenda kumuuliza mwingine anayeshuka karibu zaidi.

Ukishapita Bhayandar, majumba yanakatika ghafla. Treni inapita juu ya daraja refu la hori, maji upande huu na huu, mikoko imeshikana chini, na upepo wa chumvi unaingia milangoni, maana milango ya treni nyingi za huku haifungwi. Moyo wangu ulirudi hori la Tudor, kwetu Mombasa. Kidogo tena Naigaon, kisha Vasai Road.

Nilitokea upande wa magharibi. Tuktuk, ambazo Tanzania wanaziita bajaji kwa jina la kampuni ya hukuhuku India inayoziunda, wao wanaziita riksha, na kuna za kuchangia kama matatu. Tulibanana watu watatu nyuma. Dereva unamwita "dada", ambayo kwa Kimarathi ni kaka mkubwa. Ulimi wangu ulikataa kwanza, kisha ukazoea. Nikamwambia "killa", ngome, basi. Ni mwendo kidogo kutoka stesheni, na njiani maghorofa yanapungua na migomba inaongezeka.

Ngome ya Vasai si kama Fort Jesus. Yetu ni boma moja unalolizunguka kwa muda mfupi. Hii ilikuwa mji mzima ndani ya ukuta, na mpaka leo barabara inapita katikati yake. Wareno waliipata ardhi hii mwaka 1534 kutoka kwa sultani wa Gujarat, na Wamaratha, dola ya wenyeji wa huku, wakawang'oa mwaka 1739. Makanisa yamebaki bila paa, mizizi ya mikuyu imeingia kwenye mawe kama vidole. Nilikanyaga jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kireno kabla sijatambua ni kaburi, nikaruka nikaomba radhi.

Ukifuata barabara ile unatokea Killabandar, kijiji cha wavuvi, na neno lenyewe utalitambua: bandari. Hapa ndipo nilipokaa kuliko kote. Samaki wao mkuu ni bombil, mwembamba, laini, mdomo mpana wenye meno kama sindano. Bibi mmoja alichukua wawili, akaupachika utaya wa huyu ndani ya utaya wa yule, wakashikana, akawatundika kwenye kamba ya fremu ya mianzi, mmoja huku mmoja kule. Hakuna uzi wala ndoano. Maelfu walining'inia hivyo juani. Nimezaliwa kwenye ng'onda na papa mkavu, sijawahi kuona werevu kama ule. Nilijaribu nikashindwa, meno yakanichoma, bibi akanishika mkono akanionyesha tena polepole mpaka jozi yangu ikashika.

Kurudi sikupita nilikotoka. Kuna feri inayobeba pikipiki, magari na watu kutoka hapo ngomeni kuvuka hori mpaka Bhayandar. Nilisimama ukingoni kama mtu wa feri ya Likoni kwetu, nikaliona lile daraja la reli.

Stesheni ya Bhayandar jua lilikuwa limeshazama. Treni yangu ya kwenda mjini ilikuwa na nafasi. Jukwaa la pili ikaingia ya Virar, wanawake wamejaa mpaka mlangoni, mikono juu, mikoba kifuani. Nilimtafuta sista kati ya nyuso zile mpaka treni ikaondoka.