Baharini Hakuna Nangurukuru

Jumatatu mdogo wangu aliondoka kwenda kusoma India. Basi lilitoka Mtwara saa 12 asubuhi, na kila liliposimama alimpigia mama. Mingoyo. Nangurukuru, alikonunua mihogo. Somanga, basi zima linanuka samaki wa kukaanga. Ikwiriri. Kibiti. Saa 10 jioni akawa Mbagala, Dar. Ni kilomita kama 560, na mama alizipita zote ameketi barazani, maana njia ile anaijua. Aliisafiri kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati Rufiji ukivukwa kwa pantoni pale Ndundu na masika watu wakilala njiani na basi lao limezama kwenye tope. Kwake yeye, Dar ya siku moja ni jirani.

Kesho yake jioni akaniuliza, "Na huko Bombei, ni mbali kiasi gani?"

Nikamwambia kutoka Dar ni kama kilomita 4,700, ndege inakwenda masaa sita. Yeye akasikia saa sita. "Saa sita za usiku atakuwa ameshafika?" Nikaeleza upya: anapaa saa 5 usiku, anatua saa 11 alfajiri yetu, na kule itakuwa saa 1 na nusu asubuhi kwa kuwa wametutangulia masaa mawili na nusu. Akahesabu kwa vidole.

"Basi ni karibu kuliko Dar."

Kwa saa, kweli. Nilifurahi, nikadhani nimemtuliza.

"Watasimama wapi?"

Hawasimami, mama. Ni bahari tupu mpaka India.

"Na simu?"

Inazimwa.

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Nikatafuta la kusema. Nikamtajia majahazi ya zamani, yaliyokwenda India na kusi yakarudi na kaskazi, watu wakakaa miezi bila habari ya mtu wao. Nikamtajia hata korosho zetu, zinazopakiwa hapa bandarini na kuvuka bahari hiyohiyo.

"Korosho sikuizaa mimi," alisema, akaingia ndani.

Sikumjibu, na mpaka sasa sina jibu. Mimi nilikuwa napima kwa kilomita. Yeye alikuwa akipima kwa sauti ya mwanawe, na masaa yale sita hayakuwa na kituo hata kimoja cha kuisikia.

Adhana ya alfajiri ilinikuta macho. Mama alikuwa mkekani, simu mapajani, taa hajawasha. Saa 11 na dakika 40 ujumbe ukaingia: "Mama nimefika salama. Huku jua limeshatoka." Nikamsomea. Akataka nirudie. Nje kwetu kulikuwa bado giza.

Akavuta pumzi ndefu, kisha akanirudishia simu.

"Muulize, hapo uwanjani anapanda gari gani. Na linasimama wapi."