Chukudu ya babu

Leo zimetimia siku 40 tangu tumzike babu. Asubuhi nimepita nyuma ya nyumba, chukudu yake, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, bado imeegemea ukuta, raba ya gurudumu la mbele imeanza kuachia. Hakuna aliyethubutu kuiuza, wala kuipasua kuni.

Watoto 7 walisoma kwa chukudu hiyo. Alfajiri alikuwa anaisukuma kupanda hadi Kibumba kufuata viazi na kabichi. Kurudi mjini Goma, mashariki mwa Kongo, ni mteremko: goti moja juu ya kipande cha ndala alichokipigilia misumari, mguu mwingine nyuma tayari kukanyaga breki. Suruali zake zote zilikuwa na kiraka upande mmoja tu, wa kulia.

Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, alinipakia mimi, mdogo wangu, gunia la maharagwe na cherehani ya bibi, akatusukuma hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Bibi alililia godoro. Babu akagoma: "Godoro halishoni." Walinuniana njia nzima, na mpaka uzeeni bibi alikuwa bado anamdai lile godoro!

Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mawe meusi. Alijenga juu ya mawe hayohayo.

Watu wanapiga picha pale kwenye sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu mjini Goma. Nzuri, lakini kwangu ni safi mno. Ya babu ilinuka vitunguu.

Sasa hivi bibi ameniita kuniuliza kama nimeipaka mafuta. Ngoja niende.