Kipande cha Ami

"Baba, hichi chuma cha nini?"

Alikuwa akitafuta wembe wa kuchongea penseli kwenye mtoto wa meza, akatoka na kipande cha springi ya gari, urefu wake kama kidole gumba, pembeni kimeshika kutu. Nikamwambia cha ami yangu, kirudishe. Akakirudisha. Mimi ndiye sijaweza kukirudisha tangu juzi.

Ami alikuwa mhunzi hapa Wete. Majembe, mapanga, mashoka, yote ya springi za magari mabovu. Mwaka ule nilirudi likizo Ramadhani, nikiwa masomoni ughaibuni. Kila aliyeniuliza nasomea nini nilimjibu fizikia, tukaagana salama. Ami hakukubali kuagwa. Baada ya tarawehe akaniweka barazani, birika la chai ya mchaichai kati yetu.

"Haya, nambie. Chuma unakifanyani?"

Nikamwambia tunakichungulia ndani. Sodiamu 22 kidogo, sodiamu yenye mnunurisho, iliyofungwa kwenye plastiki nyembamba, tunaibana baina ya vipande viwili vya chuma. Inatoa positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume. Positroni inazurura humo ndani. Ikikutana na elektroni, zote mbili zinatoweka, inabaki miale miwili ya gama, kila mmoja umekimbilia upande wake. Sisi tunapima positroni imeishi muda gani. Kwenye chuma kisicho na kasoro, kama pikosekunde 110. Ikinasa pahala palipokosa atomi moja, inafika 175 hivi, maana humo elektroni ni haba. (Pikosekunde: chukua sekunde uigawe mara trilioni. Hapo Ami alimimina chai tu.)

"Matundu hayo yatoka wapi?"

"Mengine ya nyundo yako, ami."

Akanyamaza. "Na nikikizamisha majini kikingali chekundu?"

"Kasoro zinazidi."

"Nikikirudisha motoni kidogo?"

"Zinapungua. Na kaboni iliyobanwa inajikusanya, inakuwa vipunje vidogo vidogo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za jirani anayemjua miaka yote. Kisha akainua macho.

"Na mkishayaona matundu, mnayaziba?"

"Hapana, ami. Tunayaandika."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Akamwita mkewe atoke asikie: mtoto kapelekwa ng'ambo kuhesabu matundu yangu!

Asubuhi ya safari alinitia kile kipande mkononi. "Kaniangalizie."

Sikukipima. Vinatakiwa vipande viwili sawasawa, vimesuguliwa mpaka ving'ae, na zamu ya mashine ni ya kugombaniwa. Ndivyo nilivyomwambia kwa simu. Akasema hapana neno. Hakuniuliza tena, na sasa hayupo. Msumeno ungekipasua viwili kabla chai haijapoa.

Jana mtoto karudi tena. "Huyo babu alitaka nini na chuma chake?"

"Alitaka kujua kikoje ndani."

"Akajua?"

Nikamtuma akaniletee maji.