Mkono wa Skrini Unaostahimili Kugeuzwa Kutwa: Nilivyoupata Mombasa

Kazi yangu ni kutayarisha hati za forodha za mizigo inayoingia kupitia bandari ya Kilindini, na katika kazi hii skrini haitulii mahali pamoja. Mteja aliyeketi upande wa pili wa meza hutaka kuona kwa macho yake jinsi thamani ya mzigo wake ilivyoandikwa kabla hajakubali kulipa ushuru, basi naigeuza skrini imwelekee, na akishaondoka nairudisha kwangu. Nikisoma orodha ndefu ya bidhaa huisimamisha wima ili ukurasa mzima uonekane, na jioni mwenzangu wa ofisi, ambaye ni mrefu kunishinda na hupenda kufanya kazi akiwa amesimama, huiinua hadi usawa wa macho yake. Ushauri mwingi niliopewa kuhusu mikono ya skrini, yaani vishikio vyenye viungo vinavyobanwa kwenye meza na kubeba skrini badala ya kitako chake, ulitoka kwa watu wanaoifunga skrini mara moja wakaisahau, na anayeufuata ushauri huo kwenye meza kama yangu atalipa mara mbili.

Baadhi ya watengenezaji hutangaza kwamba mikono yao imejaribiwa kwa kupandishwa na kushushwa mara 10,000, na idadi hiyo huonekana kubwa mno mpaka uipigie hesabu. Skrini inayosogezwa mara 20 kwa siku, katika siku 250 za kazi kwa mwaka, hufikisha mara 5,000, maana yake jaribio lote hilo limekwisha katika miaka miwili. Mtu anayesogeza skrini yake mara moja kwa wiki hatafika huko maisha yake yote, na ndiyo maana sifa anazoumwagia mkono wake hazinisaidii mimi. Kwa matumizi ya kusogeza kila saa, cha kuchunguza ni mambo mawili: kinachobeba uzito, na viungo.

Muuzaji aliyetuuzia mkono wa kwanza alituhakikishia kwamba yote ni mamoja, na kwamba cha kutazama ni ule uzito wa juu ulioandikwa kwenye boksi. Mkono huo ulikuwa wa gesi. Ndani ya silinda yake kuna naitrojeni iliyoshindiliwa na fimbo inayoingia na kutoka kupitia mpira wa kuzibia, na kila fimbo inapotembea mpira huo husuguliwa, hata gesi ikaanza kupenya kidogo kidogo. Kwa miezi ya mwanzo ulikwenda vizuri sana, laini kabisa, kisha skrini ikaanza kushuka yenyewe. Ningeiacha usawa wa macho nikaenda kupokea simu, na nikirudi naikuta imeinamia kibodi. Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Dada, wewe kaza tu skrubu." Nikamuuliza skrubu ipi. "Yoyote unayoiona, kaza."

Jibu hilo lilinikera wakati ule na hadi leo lanikera, kwa sababu kwenye mkono wa skrini mna skrubu za aina mbili zenye kazi zisizofanana. Ipo moja, aghalabu ndani ya kiungo cha katikati, ambayo huongeza au kupunguza nguvu ya kuinua ili ilingane na uzito wa skrini. Nyingine zote hubana viungo tu, yaani huongeza msuguano. Skrubu ya kuinua ikiwa imefika mwisho na skrini bado inashuka, nguvu imekwisha humo ndani, na hakuna kukaza kutakakoirudisha.

Hata hivyo tulijaribu. Fundi mmoja mzee wa jua kali, ambaye ametutengenezea mambo mengi na ninamheshimu sana, aliugeuza mkono ule mara mbili tatu akasema, "Mwanangu, hii ni shokabsoba tu. Tutaitoboa, tuijaze upya." Nikamwambia, "La, Mzee wangu, humo mna mgandamizo mkubwa, chuma kikiruka kitakuumiza." Aliafiki, na nasisitiza jambo hilo kwa yeyote atakayepata wazo kama lake: silinda ya gesi haitobolewi, haifunguliwi, wala haitiwi motoni. Basi akakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akavifanya washa, vile vipete vya kuwekwa chini ya nati, akavipachika kwenye kila kiungo na kukaza kwa spana hadi nati zikalia. Skrini ikasimama. Ilisimama imara hata mwenzangu akampa fundi mkono wa hongera.

Ila sasa kuisogeza kulihitaji mikono miwili na mguu mmoja nyuma. Nguvu ambayo ilipaswa kukizungusha kiungo, kwa kuwa kiungo kimebanwa, ilishuka yote kwenye jiriwa iliyoushika ukingo wa meza, na meza zetu ni za chipubodi, ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa. Kila nilipomgeuzia mteja skrini, jiriwa iliuma ubao zaidi. Kwanza ngozi ya juu ya ubao ilibonyea, kisha ukingo ukaanza kumwaga vumbi sakafuni, kisha nguzo yenyewe ya mkono ikaegemea mbele, na skrini iliyokuwa haishuki kwa sababu ya gesi ikawa inashuka kwa sababu ya meza. Mwishowe mpira wa tairi, kwa joto la Februari umeme ukikatika na kiyoyozi kuzima, ulilainika ukatambaa nje ya viungo, na tukarudi tulikoanzia, tukiwa na ubao uliobomoka. Nilijifunza pale kwamba mkono mzuri ni ule unaosogea kwa vidole viwili na kubaki ulipoachwa huku viungo vikiwa vimelegea. Kinachoubakisha ni usawa wa nguvu na uzito. Msuguano ni wa kusaidia tu.

Kabla ya kutafuta mwingine niliipima skrini. Takwimu za kwenye boksi mara nyingi huhesabu pamoja na kitako chake, ambacho huondolewa ukiifunga kwenye mkono. Niliazima mizani ya kuning'iniza, ile wasafiri wanayopimia masanduku, nikaifunga skrini kwa shuka na kuining'iniza: kilo 4.6, ilhali pamoja na kitako ilipita 6. Hapo ndipo uzito wa chini una maana kuliko ule wa juu aliotuhubiria muuzaji. Kila mkono wa aina hii una kiwango cha chini na cha juu, na skrini nyepesi kuliko kiwango cha chini hupandishwa juu yenyewe na haishuki unapoitaka. Mimi hutafuta mkono ambao uzito wangu unaangukia katikati ya viwango hivyo, ili skrubu ya kuinua isiishie ukingoni mwa uwezo wake upande wowote.

Sasa nije kwenye hila ninayojivunia. Nilikwenda kwa muuzaji wa samani za ofisi zilizokwisha kutumika, upande wa Makupa, nikiwa na kikapu chenye pakiti mbili za unga wa kilo mbili mbili na kiasi cha sukari cha kufikisha 4.6. Alikuwa na mikono kadhaa iliyotoka ng'ambo kwenye kontena la vifaa vya ofisi. Nilimwomba aifunge kwenye meza yake mmoja mmoja, nikautundika unga kwenye bamba linaloshika skrini, nikarekebisha skrubu ya kuinua, kisha nikaanza kupandisha na kushusha bila kuchoka, huku wateja wengine wakinizunguka kutazama. Niliuacha mkono juu kabisa, katikati na chini kabisa, nikingoja kila mahali. Baadhi ilishuka polepole pale juu na kutulia chini, dalili ya silinda iliyochoka. Mmoja ulitulia katikati tu. Kisha nikashika ncha na kuitikisa kushoto na kulia, kwa sababu kiungo kilicholika huonekana kwa kuchezacheza huko kabla hakijaanza kupiga kelele.

Watu wengi waliniambia kununua kitu cha namna hii kikiwa kimetumika ni kutupa pesa. Mimi nasema kwa matumizi yangu ni kinyume chake. Mkono mpya ndani ya boksi hauwezi kukuonyesha utakavyokuwa baada ya kusogezwa mara elfu kadhaa, lakini uliotumika umeshasogezwa, na kama bado unabeba uzito wako kila mahali bila kuyumba, umekwisha kutoa ushahidi. Niliouchukua ni Ergotron LX, ambao hubeba kuanzia kilo 3.2 hadi 11.3, mwili wake ni wa alumini, na kinachoinua ndani yake ni springi ya chuma badala ya gesi. Springi haina mpira wa kuzibia wala kitu cha kuvuja. Tulikubaliana kwa elfu kumi na kitu, baada ya maneno mengi, na mpya ungegharimu karibu mara mbili ukijumlisha nauli na ushuru, mambo ambayo nayajua vyema.

Alumini si jambo dogo hapa pwani. Ofisi yetu hufungua madirisha upepo ukiwa mzuri, na upepo huo huja na chumvi. Mikono ya chuma iliyopakwa rangi huanza kuchubuka kwenye viungo, pale hasa panaposogezwa, na kutu huingia hapo hapo, na misimu ya mvua za Aprili na Mei huiharakisha. Alumini haili kutu nyekundu ya namna hiyo, ingawa skrubu zake za chuma bado zataka kufutwa kwa kitambaa kikavu. Sitii mafuta kwenye viungo, kwa kuwa vingi vina vikombe vya plastiki ndani, na mafuta hushika vumbi likawa kama msasa.

Kwa meza, yule yule fundi mzee alinikatia mabamba mawili ya chuma ya milimita tatu, ukubwa wa daftari dogo, moja juu ya ubao na jingine chini, nayo jiriwa ikabana katikati yake. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja na ya mia chache, na tangu siku hiyo ubao haujabonyea tena. Mwenye meza ya mbao ngumu kama mvule hahitaji haya. Mwenye meza ya kioo asithubutu kubana chochote.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote ni nafasi ya nyuma. Ukiisukuma skrini mbali nawe, kiwiko cha mkono hutokeza nyuma ya meza, na meza iliyogusa ukuta hukizuia, hata skrini ikabaki imekujia usoni. Tuliivuta meza kutoka ukutani, au ungeweza kuifunga nguzo pembeni ili kiwiko kifunguke kwa upande.

Matundu ya nyuma ya skrini yakifuata kanuni ya VESA, kipimo cha pamoja cha watengenezaji wa skrini, yaani yakiachana milimita 75 au 100, hapana tabu, skrubu ni za M4, zenye unene wa milimita nne. Nyaya ndizo huvunjika kwanza kwa anayesogeza mara kwa mara. Kabla ya kuzifunga, peleka skrini hadi mwisho wa kila upande, juu, chini na ikiwa wima, kisha acha ulegevu wa kutosha kwenye kila kiungo, na utumie mikanda ya velkro, kwani vifungo vya plastiki huukata waya ulipokunjika.

Mwenzangu alipoleta skrini kubwa zaidi, iliyopinda, tuliipima kwanza kwa mizani ile ile. Ilizidi kilo 6, na kwa kuwa uzito wake uko mbele zaidi ya bamba, iliinama kichwa hata baada ya mkono kuinuka sawasawa. Tulianza na skrubu ya kuinua hadi skrini ikatulia juu na chini, na ndipo tukaigeukia skrubu ya kichwa, ile inayobana kiungo cha kuinamisha skrini, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka ikaacha kuinama huku bado ikigeuzwa kwa vidole viwili. Ufunguo wa pembe sita unaotumika kwa skrubu zote mbili nimeufunga kwa uzi chini ya meza, maana ukipotea utaanza tena kukaza yoyote unayoiona.