Niliingia TEHAMA kwa Mlango wa Uhasibu

Sikusomea kompyuta. Nilisomea uhasibu, nikaajiriwa Dar es Salaam na kampuni iliyounganisha mabenki na mitandao ya simu ili watu walipie umeme, maji na ving'amuzi. Kazi yangu ilikuwa ulinganishaji wa miamala: kila asubuhi naletewa faili mbili, moja la mfumo wetu na moja la mtandao wa simu, natafuta kilichopo huku na kisichopo kule. Watu wa TEHAMA waliidharau kazi ile, wahasibu wenzangu wakaikwepa. Ikaniangukia mimi mgeni, na hakuna aliyekuja kuninyang'anya.

Pesa kwa simu ilianza Tanzania mwaka 2008, na kuanzia 2014 mitandao ilipoanza kuruhusu pesa itoke huku iingie kule, miamala ilifurika. Eksel ina mistari 1,048,576 tu kwa ukurasa mmoja. Faili likizidi hapo, mistari ya chini haifunguki, na wewe unaendelea kujumlisha ukidhani umemaliza. Nikamfuata kijana mmoja wa timu ya mifumo, nikamwomba anifundishe SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali. "Dada, utaiweza kweli?" Lakini alinifundisha, akanipa na ruhusa ya kusoma bila kufuta, ambayo hadi leo naiona ni zawadi kubwa kuliko cheti chochote. Mengine niliyapata nyumbani kwa bando la usiku, watoto wakiwa wamelala. Kuunganisha jedwali mbili hakukunisumbua hata kidogo. Aliyewahi kulinganisha leja na taarifa ya benki ameshalielewa jambo lenyewe, amebakiza kujua linavyoandikwa.

Kilichonitoa uhasibu ni tofauti ndogo iliyokuwa haiishi. Kila siku kulikuwa na miamala ambayo mtandao mmoja ulisema hauijui, kisha naikuta kwenye faili lao la siku iliyotangulia. Jumla za siku zilikaribiana, kwa hiyo wakubwa waliita "ucheleweshaji wa mtandao" na kuendelea na mambo yao. Mimi niliipanga ile isiyolingana kwa saa iliyofanyika. Karibu yote ilikuwa kati ya saa sita na saa tisa usiku.

Basi hapo jibu lilijitokeza lenyewe. Sisi tuliandika saa za Afrika Mashariki, wenzetu seva yao iliandika UTC, saa ya kimataifa ya kompyuta nyingi, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Muamala wa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 5 kwao ulikuwa bado wa tarehe 4, saa nne usiku. Faili lao la siku lilianza saa tisa usiku yetu na kuishia saa tisa ya usiku unaofuata: lilipoteza saa tatu mwanzoni, likaokota tatu mwishoni, na kwa kuwa usiku watu wengi wamelala, mapengo mawili yalifichana. Yalijifichua mkesha wa Mwaka Mpya na usiku wa Idi, watu wanapokuwa macho na simu zao. Waandishi wa programu walikuwa wakilitafuta kosa kwenye programu, na programu haikuwa na kosa.

Baada ya hapo nilihamishiwa timu ya mifumo. Cheo kilibadilika, mshahara ukabaki wa uhasibu. Nilikaa nao kwa muda, kisha nikaandika kwenye karatasi moja fedha zilizokuwa zikikaa kwenye akaunti ya sintofahamu, yaani zisizojulikana ni za nani, kila mwezi kabla na baada ya kazi yangu, nikaiweka mezani bila maelezo mengi. Nyongeza ilipatikana. Kama ningeenda kulalamika kwamba wenzangu wanaume wanalipwa zaidi, jambo lililokuwa kweli, nadhani ningepewa pole.

Huko kwenye mifumo nilikuta ugomvi mwingine. Mteja ananunua LUKU, umeme wa kulipia kabla; mfumo unapeleka ombi, unasubiri, jibu haliji. Pesa imekatwa au haijakatwa? Ukituma tena unaweza kumkata mara mbili. Usipotuma, mtu anakaa gizani akiisubiri tokeni yake ya tarakimu 20. Programu yetu ilikuwa inatengeneza namba mpya ya muamala kila ombi linaporudiwa, na upande wa pili ukaona ni ombi jingine. Nikabishana nao wiki nzima: namba izaliwe mara moja, pale mteja anapothibitisha, na irudiwe hiyo hiyo hata tukituma mara tatu, ili wale wakiiona tena wajibu kwamba hii wameshaifanya na warudishe jibu lile lile. Karani wa shule anayekata stakabadhi zenye namba analijua hili bila kufundishwa. Walikubali, ingawa mmoja alisema hayo ni mawazo ya kihasibu. Ndiyo, ni ya kihasibu.

Vikaoni nilikuwa mwanamke peke yangu, na kalamu ya muhtasari ililetwa kwangu bila kuulizwa. Ilinikera. Baadaye nikaona kwamba anayeandika ndiye anayeamua kipi kitakumbukwa: nani atafanya nini, mfumo upi utaguswa, lini. Nikaishika kalamu vizuri, na waliozoea kuahidi na kusahau wakaanza kuniogopa. Mafundi wa nje waliokuja kufunga vifaa waliendelea kunipita wakiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nilikuwa nawaonyesha kiti wasubiri.

Zamu za usiku zilikuwa mtihani zaidi ya yote, na si kwa sababu ya kazi. Simu inalia saa nane usiku, mama mkwe yuko chumba cha pili, anauliza ni nani huyo. Nilimkalisha mume wangu, tukamweleza mama pamoja, kisha nikaidai kampuni kompyuta ya kubeba na njia salama ya kuingia kwenye mfumo nikiwa nyumbani, na gari kama lazima niende. Nilipojifungua nilichukua siku zangu 84, na niliporudi nikachukua saa mbili kwa siku za kunyonyesha, zote zimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Bosi hakuwa anaijua ile ya saa mbili. Nilimchapishia ukurasa wenyewe.

Siku hizi naajiri. Dar kuna Apps and Girls, tangu 2013 wanafundisha wasichana kuprogramu, na wanaofika kwangu wakiwa wamepita mikono kama ile wanaandika programu safi kuliko mimi nilivyowahi. Lakini kwenye usaili siwapi programu ya kuandika. Nawapa faili mbili zisizolingana na chai, natoka chumbani. Wa mwisho niliyemchukua alisomea ugavi. Alikuwa ameshajaza ukurasa wa maswali kabla chai haijapoa, na la kwanza lilikuwa nani anayezitengeneza faili hizi.