Mgeni asiyeona, mbwa wake, na moshi ghorofani

Mgeni mwenye mbwa wa kumwongoza si wa kila siku katika hoteli za Mji Mkongwe, na ndiyo maana akifika hukuta hakuna aliyejiandaa. Jambo la kwanza wafanyakazi hulihofia ni najisi, na wana haki ya kujibiwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mbwa mkavu akipita kwenye nguo kavu hainajisiki. Mate au unyevu wake ukikugusa, unaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyosoma chuoni. Lakini kumtoa mgeni huyu kwenye hatari hakuhitaji umguse mbwa hata kidogo. Ukimgusa ndipo unapoharibu.

Mbwa huyu hajui njia ya kutokea ambayo hajaizoea. Kazi yake ni kukwepa vizuizi na kusimama penye ngazi. Anayejua pa kwenda na kutoa amri ni mwenyewe. Mbwa hutembea kushotoni, na mwenyewe hushika mpini mgumu wa mkanda uliomzunguka mbwa kifuani. Kupitia mpini huo anahisi kila mbwa anapopinda au kusita. Ukiuvuta, umemkatia habari zote.

Basi simama kuliani kwake, useme: "Mimi ni wa mapokezi. Kuna moshi ghorofa ya pili, tunatoka kwa ngazi za nyuma. Utashika mkono wangu?" Akikubali, akushike yeye, juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Usimsukume. Mpini atauachia, abaki na kamba tu.

Ngazi zetu za kale ndiyo mtihani wenyewe: nyembamba, zimesimama wima, vipandio havilingani. Watatu hawashuki sambamba. Mgeni aje nyuma yako, mkono begani mwako, mbwa amfuate kwa kamba. Taja idadi kabla ya kuanza: "Zinashuka, kumi na nne, kisha kona ya kushoto." Penye kizingiti cha mlango mkubwa mwambie anyanyue mguu. Moshi ukizidi, inameni nyote, hewa nafuu iko chini.

Kosa linalojirudia ni kumwonyesha mgeni ngazi za mbele peke yake. Akizipita kila siku, mbwa naye huzizoea, na siku ya hatari atavutia huko huko penye moshi. Siku ya kuwasili watembezeni wote wawili njia ya dharura, mara mbili au tatu, kuanzia mlango wa chumba chake hadi nje. Mpeni chumba cha chini kama kipo, na jina lake liandikwe kwenye daftari la mlinzi wa usiku. King'ora nacho kinameza sauti, na asiyeona anategemea masikio. Sogea karibu uzungumze, usipige kelele kutoka mbali.

Nje, msimwache kichochoroni katikati ya pikipiki na wanaokimbia. Mfikisheni uwanjani, wekeni mkono wake kwenye ukuta au baraza, mwambieni yuko wapi na nani yuko karibu. Mbwa asifungwe kando. Wakae pamoja, na Zimamoto waelezwe kuwa wote wawili wametoka. Kisha mkumbusheni mwenyewe apapase nyayo za mbwa, kwani vioo vya madirisha vikipasuka vipande huenea hadi njiani.