Siku Tano Tanga, Mji Niliokusudia Kulala Usiku Mmoja

Wiki ya saba ya safari yangu ilinikuta nikishuka basi katika stendi ya Kange, nje kidogo ya katikati ya mji wa Tanga, nikiwa na shanta lenye uzito wa kilo 17, malengelenge matatu kwenye kisigino cha mguu wa kulia, na hamu ndogo sana ya kuona kitu chochote kipya. Nilikuwa nimeanzia Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, nikapita Mbeya na Iringa, nikapanda hadi Dodoma na Kondoa kutazama michoro ya miambani ya Kolo, kisha Babati, Arusha na Moshi. Wiki ya mwisho niliitumia kutembea kwa miguu katika milima ya Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae, ambako baridi ya Julai hupenya hata blanketi mbili. Mpango ulikuwa kulala Tanga usiku mmoja, kisha kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, na hatimaye Lamu.

Nilipata chumba katika nyumba ya wageni huko Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba, kiasi kwamba mgeni hawezi kupotea akijua kuhesabu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani akichambua mchele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Watoka wapi na mzigo wote huo?”

Nilipomweleza njia niliyopita, na kwamba alfajiri ningeondoka, aliweka ungo chini akanitazama miguuni. “Kumbe nawe ni wa waja leo waondoka leo,” alisema, akitumia msemo ambao mji wake hutajwa nao kila mahali. “Lala kwanza. Habari ya kuondoka tutaizungumza ukishaamka.” Nililala saa mbili usiku, nikaamka adhuhuri ikiadhiniwa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ambayo msafiri hasogei ni siku iliyopotea, hasa kwa mtu kama mimi aliyeweka akiba mwaka mzima ili apate miezi miwili ya kutembea. Moshi ndiko nilikotambua kwamba nimekosea, ingawa sikutaka kukiri. Asubuhi moja wingu lilifunguka na Kilimanjaro ukaonekana wote, kutoka misituni hadi kwenye theluji ya Kibo, nami niliutazama kwa muda wa kunywa funda mbili za chai, nikarudi kusoma ratiba ya mabasi. Mlima ambao nilitamani kuuona tangu utotoni haukunigusa. Uchovu wa safari ndefu hauishii kwenye magoti na mabega, kwani huyafanya macho nayo yakinai.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza sikutembelea chochote. Nilifua nguo zote, nikazianika uani kwenye kamba moja na kanga za mama mwenye nyumba. Viatu nilivipeleka kwa fundi aliyekaa chini ya mwarobaini, ambaye alizishona soli upya kwa uzi mnene uliopakwa nta, na alipomaliza akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na haja gani ya kuvaa viatu vizito vile kwenye mji wa mchanga. Nikanunua kandambili. Malengelenge yalikauka kwa siku tatu, kwa sababu tu ya kupata hewa.

Jioni nilikwenda kwenye kijiwe cha kahawa kilicho hatua chache kutoka nilipolala. Muuzaji huja na dele lake juu ya jiko la mkaa, akamimina kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na pembeni kuna sinia la kashata za karanga na za nazi. Wazee hucheza bao, vijana hubishana kuhusu timu yao ya soka, Coastal Union, na mgeni huruhusiwa kukaa kimya bila kuulizwa anangoja nini. Nathamini sana ruhusa hiyo. Katika miji mingi niliyopita, mtu mwenye shanta ni mteja anayesubiriwa na mwenye teksi, na mwenye hoteli, na mwenye kupeleka watu milimani. Pale kijiweni nilikuwa mtu wa kikombe cha tatu.

Utulivu wa Tanga una historia yake, na si historia ya furaha tupu. Mji ulipangwa na Wajerumani kwa matumaini makubwa: hapa ndipo ilipoanzia reli ya kwanza ya koloni lao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, alileta kutoka Florida miche michache ya mkonge ambayo ilizaa mashamba yanayoonekana hadi leo ukipita Korogwe, Hale na Muheza. Kwa miongo mingi bandari hii ilisafirisha singa za mkonge kwenda ulimwenguni. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, viwanda vikafungwa, na mji ukabaki na barabara pana, miti mikubwa ya kivuli na nyumba za ghorofa zenye roshani, kwa magari ambayo hayakuja kwa wingi uliotarajiwa. Najua kwamba raha niliyoipata imetokana kwa sehemu na riziki ambayo wengine waliipoteza, na sitaki kuisifu Tanga bila kulisema hilo.

Siku ya tatu nilikodi baiskeli, chombo ambacho Tanga hukitumia kuliko miji mingi ya Tanzania kwa kuwa ardhi yake ni tambarare, nikaenda Raskazone. Mwezi ulikuwa mpevu na maji yalikuwa ya bamvua. Asubuhi bahari ilikupwa mbali kiasi cha kuyaacha matope ya mikoko wazi, na wanawake waliinama kutafuta chaza na kaa. Baada ya saa sita hivi ilirudi hadi kwenye ngazi za mawe, kijani na vuguvugu, nami nikaogelea nikiwa nimekitazama Kisiwa cha Toten upande wa pili wa ghuba. Ilinijia akilini kwamba kwenye rasi hii hii, Novemba 1914, walishushwa askari wa Uingereza waliotoka India, wengi wakiwa wamechoka kwa majuma kadhaa ya kukaa melini, wakapelekwa vitani bila kupumzishwa. Walishindwa na jeshi dogo zaidi la Wajerumani, na nyuki waliochokozwa na risasi wakawashambulia. Nilikaa majini hadi vidole vikakunjamana.

Mapango ya Amboni niliyaendea siku ya nne kwa baiskeli ile ile, kilomita nane hivi kaskazini mwa mji. Nitasema tu kwamba ubaridi wa kuta zile za chokaa na harufu ya popo nilivihisi kwa ukamilifu ambao nisingeweza kuuhisi siku nne kabla, na kwamba wakati wa kurudi nilisimama kando ya njia kula machungwa ya Muheza, nikila moja baada ya jingine hadi mikono ikanata.

Anayetaka kuiona Tanga ya namna hii asichelewe sana. Bandari imechimbwa na kupanuliwa, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, upande wa pili wa ghuba. Watu wa Tanga wameingoja kazi kwa muda mrefu, na wanastahili kuipata. Natumaini tu miti ya kivuli haitakatwa ili malori yapite.

Usiku wa tano nilimwaga vitu vyote vya shanta kitandani. Koti zito la Lushoto, sufuria, vitabu viwili nilivyokwisha kusoma na jozi ya pili ya suruali niliviweka kwenye boksi, nikavituma nyumbani kwa basi. Asubuhi mama mwenye nyumba alinifungia vipande vya mkate wa kumimina kwenye karatasi, akalinyanyua shanta kwa mkono mmoja kabla ya kunikabidhi.

“Sasa huu ni mzigo wa binadamu,” alisema. “Ukirudi, usiseme usiku mmoja.”

Basi la Mombasa liliondoka nikiwa nimekaa dirishani, na njia nzima hadi Horohoro sikusinzia.